Kupima otofajia kwa kingamwili ya LC3: mwongozo wa mezani

Bloti yangu ya kwanza ya LC3, yaani picha ya protini ya otofajia iliyotenganishwa kwenye jeli na kuguswa na kingamwili, ilipendeza mno. Seli nilizozipa dawa zilitoa bendi nene, nyeusi tii, na zile ambazo hazikupewa kitu zilitoa kibendi chembamba. Nikamwita kaka mmoja mzoefu wa maabara aje aone. "Kaka, dawa hii inaamsha otofajia." Akaitazama kidogo, akauliza, "Bafilomaisini uliweka kwenye zipi?" Sikuwa nimeweka kemikali hiyo kwenye yoyote. "Basi, mdogo wangu, hujapima kitu bado." Wiki tatu zikaenda na maji.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye kichupa cha kingamwili ya LC3 ndiyo kwanza kimefika mezani kwake, na asingependa kuulizwa swali hilo kazi ikiwa imeshaisha.

Unachopima hasa

Otofajia ni seli kujila yenyewe kwa faida yake. Protini zilizochakaa, mitokondria iliyoharibika na takataka nyingine hufungwa ndani ya kifuko chenye utando wa tabaka mbili, otofagosomu. Kifuko hicho huungana na lisosomu, na humo tindikali na vimeng'enya humaliza kazi. Jina alilitoa Christian de Duve mwaka 1963. Jeni zinazoendesha shughuli yenyewe alizichambua Yoshinori Ohsumi kwenye hamira miaka ya 1990, na mwaka 2016 akapewa Nobeli ya Tiba peke yake, bila mshirika. Protini ya hamira iitwayo Atg8 ina ndugu zake kwa mamalia, na anayejulikana kuliko wote ni LC3.

LC3 ina sura mbili. LC3-I huelea kwenye sitoplazimu. Kifuko kinapojengwa, LC3-I hubandikwa mkia wa mafuta, fosfatidiletanolamini, ikawa LC3-II na kunasa kwenye utando wa kifuko. Kwenye jeli, LC3-I huonekana karibu na kDa (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini) 16 na LC3-II karibu na kDa 14. Wanafunzi wengi hukwama hapa: LC3-II ni nzito zaidi, iweje ikae chini? Ni ule mkia wa mafuta unaoifanya ikimbie kwenye jeli kuliko uzito wake. Kwa hiyo bendi ya chini ndiyo unayoitafuta.

Tatizo ni kwamba LC3-II iliyo ndani ya kifuko nayo huliwa kifuko kikifika kwenye lisosomu. Fikiria jalala la mtaani. Ukipita asubuhi ukakuta lundo limeongezeka, huenda watu wametupa taka nyingi, au huenda gari la taka halijapita tangu Jumatatu. Lundo lenyewe halikuambii. Bendi nene ya LC3-II ni lundo hilo. Ili ujue taka zinaingia kwa kasi gani, lizuie gari makusudi kwa saa mbili, halafu uangalie lundo limepanda kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi ya bafilomaisini, kemikali inayoizima lisosomu, na ndiyo maana ya swali la yule kaka.

Kichupa: kukichagua na kukitunza

LC3 ina ukoo: LC3A, LC3B, LC3C, na binamu zao wa kundi la GABARAP. Wengi hupima LC3B. Soma karatasi ya maelezo kabla hujalipa. Ziko kingamwili zinazouzwa kama za LC3B lakini hugusa LC3A pia, na si dhambi, ila ujue. Angalia kama imejaribiwa kwa kazi unayoitaka, maana inayofanya vizuri kwenye bloti si lazima ifae kwenye darubini. Angalia kama inamgusa mnyama wako: binadamu, panya, au wote wawili. Muhimu kupita yote, tafuta picha ya seli zilizoondolewa jeni. Kwenye seli zisizo na LC3B bendi zote mbili zitoweke. Kwenye zisizo na ATG5 au ATG7, protini zinazosaidia kubandika ule mkia, LC3-I ibaki na LC3-II ipotee. Muuzaji asiye na picha kama hiyo anakuuzia matumaini.

Mimi huchagua monoklonali (kingamwili ya aina moja tu) ya sungura nikiweza. Poliklonali, mchanganyiko wa aina nyingi, hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, na ukiagiza kichupa kipya katikati ya utafiti unaweza kujikuta unaanza upya. Ukilazimika kutumia poliklonali, andika namba ya toleo kwenye daftari kila mara.

Kichupa kikifika, kizungushe kwenye sentrifugi sekunde chache kabla ya kukifungua, kwa sababu tone la thamani hupenda kujificha kwenye kizibo. Kama bafa yake ina gliseroli asilimia 50, haitaganda kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri: iweke humo, chota unachohitaji, irudishe. Kama haina gliseroli, igawe kwenye vichupa vya mikrolita 10 hivi, kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu. Friza inayojiyeyushia barafu yenyewe haifai, kwa sababu hupanda na kushuka joto kila siku. Na umeme wetu tunaujua. Vichupa vyangu hukaa ndani ya kisanduku kilichojaa pakiti za barafu, humo humo ndani ya friza. Umeme ukikatika saa mbili tatu, kingamwili haina habari.

Visima sita, si viwili

Hapa ndipo jaribio linaposimama au kuanguka, kwa hiyo tusiharakishe.

Chukua seli unazozijua. Kama ni mara ya kwanza, HeLa zinafaa. Hizi ni seli zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951, bila yeye kuombwa ruhusa, na zimejaa maabara za dunia nzima tangu wakati huo. Zipande kwenye sahani ya visima 6 ili siku ya jaribio ziwe zimejaza asilimia 70 hadi 80. Zikisongamana zitamaliza chakula zenyewe, otofajia itapanda bila wewe kuzigusa, na utaisingizia dawa yako. Zibadilishie chakula zote kwa wakati mmoja.

Visima viwe hivi:

1. DMSO (kiyeyusho cha dawa) peke yake.
2. Bafilomaisini A1.
3. Njaa: chakula kitolewe, seli zioshwe, ziwekwe kwenye EBSS (maji ya chumvi na sukari yasiyo na amino asidi) kwa saa 2.
4. Njaa pamoja na bafilomaisini.
5. Dawa unayoichunguza.
6. Dawa hiyo pamoja na bafilomaisini.

Bafilomaisini iwe nanomola 100, na iingie saa 2 za mwisho tu. Ukiiacha usiku kucha, seli zinaanza kuumwa kwa mambo mengine na jibu linachafuka. Kila kisima kipate kiasi kile kile cha DMSO, hata ambacho hakihitaji.

Njaa haipo kwa mapambo. Ni kidhibiti chako: tunajua huamsha otofajia. Kama visima vya 3 na 4 havikuonyesha hivyo, usihangaike kusoma vya 5 na 6.

Bafilomaisini ni ghali. Klorokwini ni nafuu, na mikromola 50 kwa saa 2 hadi 4 hufanya kazi inayokaribiana. Ndiyo, klorokwini ile ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima tukiwa wadogo, kabla Kenya haijaiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria. Hujikusanya kwenye lisosomu, ikapunguza tindikali na kuvuruga kuungana kwa vifuko. Bafilomaisini hufika huko kwa njia nyingine, kwa kuziba pampu inayoingiza tindikali. Ila usisage vidonge vya duka la dawa. Vina unga wa kujazia na hutajua kipimo chako. Nunua klorokwini safi ya maabara. Inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo kidhibiti chake ni maji, si DMSO.

Kuvunja seli

Weka sahani juu ya barafu. Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi, mwaga yote, weka mikrolita 100 za RIPA (bafa ya kuvunjia seli) yenye vizuia-protiesi, vinavyozuia protini zisikatwe, katika kila kisima, kwangua, hamishia kwenye vichupa. Ziache kwenye barafu dakika 20, ukizitikisa mara moja moja, kisha zizungushe kwa g 12,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4.

Onyo moja. LC3-II imekaa kwenye utando. Bafa yenye sabuni hafifu itaiacha kwenye mashapo, na mashapo unayatupa. Nimeona mtu akibadilisha bafa katikati ya mradi, LC3-II yake yote ikapungua, akaanza kuandika habari ya ugunduzi. Sabuni ya Triton asilimia 1, au RIPA yenye SDS (sabuni kali), inatosha. Kwa kuwa kuna SDS, pima kiasi cha protini kwa kipimo cha BCA. Kile cha Bradford huvurugwa na sabuni.

Changanya na bafa ya kupakia, chemsha nyuzi 95 dakika 5. Ikiwezekana, pakia siku hiyo hiyo. LC3-I huharibika sampuli zikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, na ndiyo maana sampuli za mwezi uliopita hazilinganishwi na za leo.

Jeli na utando

Tumia jeli ya asilimia 15, au ya mteremko wa 4 hadi 20. Pakia mikrogramu 15 hadi 20 kwa kila safu. Endesha kwa volti 100 hadi 120 na usiende kunywa chai mbali: bendi unayoitaka inakimbia karibu kabisa na rangi ya buluu ya mbele. Rangi ikibakiza sentimita moja kufika chini, zima.

Utando wa kuhamishia protini kutoka kwenye jeli uwe PVDF (plastiki) wa matundu ya mikromita 0.2. Wengi wana ule wa 0.45 kwenye droo na huutumia kwa sababu upo, lakini protini ndogo kama hii hupenya upande wa pili ikapotea. Uloweshe kwa methanoli sekunde 30 kwanza, la sivyo hautapokea kitu. Hamisha kwa volti 100 kwa saa moja, bafa ikiwa na methanoli asilimia 20, tangi likiwa limezungukwa na barafu. Ukimaliza, paka rangi ya Ponceau uone kama safu zote sita zina protini sawasawa. Kama safu moja imepauka hapa, kingamwili haitaiokoa.

Sasa kata. Kwa rula na wembe mpya, ukiongozwa na ngazi yenye rangi (protini za uzito unaojulikana), kata utando kwenye kDa 50 na kwenye kDa 25. Umepata vipande vitatu: cha juu kina p62 (nitaieleza mbele), cha katikati kina aktini (kDa 42), cha chini kina LC3. Kata pia kona ya juu kulia ya kila kipande, kwa sababu baada ya kuosha mara kumi hutajua ipi ni safu ya kwanza. Kwa jeli moja umepata majibu matatu.

Kingamwili yenyewe

Ziba utando kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5 ndani ya TBST (maji ya chumvi yenye bafa na sabuni kidogo), saa moja. Osha.

Kwa kingamwili ya kwanza, ile inayoshika LC3, kuwa mchoyo kwa akili. Kipande cha chini ni ukanda mwembamba. Ukikilaza kwenye bakuli utahitaji mililita 10. Ukikikunja ndani ya chupa ya mililita 50, upande wenye protini ukitazama ndani, na kukiweka kwenye kivingirishi, mililita 3 zinatosha. Kwa uwiano wa 1:1000 hiyo ni mikrolita 3 tu za kingamwili. Tumia albumini ya ng'ombe asilimia 5 ndani ya TBST badala ya maziwa, acha usiku kucha kwenye nyuzi 4.

Asubuhi usimwage. Mchanganyiko wa albumini ukiwekewa sodiamu azidi asilimia 0.02 hutunzika kwenye friji na hutumika tena mara kadhaa. Andika tarehe na idadi ya matumizi juu ya chupa. Ukiona mng'ao umepungua, umestaafu. Azidi ni sumu, na isimwagwe kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, maana hujijenga humo ikawa kitu cha kulipuka. Pia huua HRP, kimeng'enya cha mwanga kilichobebwa na kingamwili ya pili (ile inayoshika ya kwanza), kwa hiyo isiikaribie kabisa.

Osha mara 3, dakika 10 kila moja. Kingamwili ya pili iwe ya mbuzi dhidi ya sungura, yenye HRP, 1:5000, saa moja kwenye joto la chumba. Osha tena mara 3. Weka kemikali ya mwanga, piga picha. Piga kadhaa: sekunde 5, 30, dakika 2. Picha inayovutia zaidi mara nyingi ndiyo mbovu zaidi, kwa sababu bendi iliyokolea hadi mwisho haiongezeki tena hata protini ikiwa maradufu. Tumia ile ambayo bendi nene kuliko zote bado haijafika kikomo.

Kusoma

Pima LC3-II, igawe kwa aktini ya safu hiyo hiyo. Usigawe LC3-II kwa LC3-I. Uwiano huo umejaa kwenye makala za zamani, lakini kingamwili nyingi huiona LC3-II vizuri kuliko LC3-I, na LC3-I yenyewe haiaminiki kwa sababu nilizotaja.

Halafu toa: LC3-II iliyopata bafilomaisini, ondoa ambayo haikupata. Tofauti hiyo ndiyo kasi ya taka kuingia. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, umepata hivi:

DMSO 1.0, na bafilomaisini 3.0. Tofauti 2.0.
Njaa 1.2, na bafilomaisini 5.0. Tofauti 3.8.
Dawa 2.8, na bafilomaisini 3.0. Tofauti 0.2.

Itazame safu ya dawa bila bafilomaisini: 2.8, kubwa kuliko zote tatu. Mimi wa zamani ningeshangilia. Lakini kuzuia gari hakukuongeza chochote kwenye lundo, kwa sababu gari lilikuwa limeshazuiwa na dawa yenyewe. Dawa hiyo haiamshi otofajia, inaikwamisha. Na njaa, ambayo lundo lake ni dogo tu, ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu gari lake linapita kila saa.

Kipande cha p62 kinakusaidia kukagua. p62 hushika takataka na huliwa pamoja nazo, kwa hiyo otofajia ikienda vizuri hupungua, ikikwama hujaa. Ila isiwe shahidi wako pekee. Seli ikiwa kwenye msukosuko huweza kutengeneza p62 mpya kupitia Nrf2, protini inayowasha jeni za kujikinga, ikapanda hata kama lisosomu haina kosa.

Rudia jaribio lote, kuanzia kupanda seli, angalau mara tatu. Jeli tatu za sampuli zile zile ni jaribio moja lililopigwa picha mara tatu.

Ikikataa

Bendi hazipo kabisa, hata kwenye kisima cha 2: shuku utando wa 0.45, au jeli iliyoachwa ikakimbia hadi nje. Ngazi ikikosa alama zake za chini, jibu unalo.

Unaona bendi moja tu: jeli ni nyepesi mno na sura mbili hazijaachana, au seli zako zina LC3-I kidogo. Linganisha na sampuli ya bafilomaisini. Bendi inayopanda ndiyo LC3-II.

Bafilomaisini haibadilishi kitu popote: huenda imeharibika. Igawe kwenye vichupa vidogo siku inapofika na uikinge na mwanga.

Utando wote mweusi: maziwa yalikuwa machache, kuosha kulikuwa kwa haraka, au kingamwili ya pili ni nyingi. Anza na ya pili; ipunguze hadi 1:10,000.

Ukiihamishia kwenye darubini

Hakikisha kwanza kingamwili yako imepimwa kwa kazi hiyo. Methanoli ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa dakika 15 hugandisha na kutoboa seli kwa mpigo mmoja, na kwa kingamwili kadhaa hutoa vitone safi vya LC3. Ukitumia paraformaldehidi asilimia 4, toboa kwa digitonini au saponini, maana Triton huweza kuufuta utando ule ule unaoutafuta. Hesabu vitone kwa kila seli, mwenzako akiwa ameficha majina ya sahani. Na sheria ya gari la taka haibadiliki: vitone vingi bila sahani ya bafilomaisini ni lundo tu.

Jambo la mwisho kwa atakayeongeza kingamwili ya ATG5 ili kuhakiki seli alizoziondolea jeni. Karatasi itakwambia ATG5 ina kDa 32, nawe utaona bendi kubwa kwenye 55 na huko chini karibu hamna kitu. Usirudishe kichupa. Ndani ya seli ATG5 karibu yote hukaa imeunganishwa na ATG12, na hiyo ya 55 ndiyo yenyewe. Nenda kaangalie seli zisizo na jeni: kama ya 55 imetoweka huko, umepata ulichokuwa unakitafuta.